Kuchora Kilichokukaa Kifuani: Mwongozo kwa Asiyejua Kuchora

"Mimi kuchora sijui kabisa. Nikichora mbuzi watu huuliza kama ni meza. Hili jambo litanifaa kweli?" Hilo ndilo swali la kwanza, kila mara. La pili: "Nikianza kulia katikati nifanyeje?" La tatu hufika baada ya wiki moja hivi, na huja kwa sauti ya chini: "Nimechora kitu cha kutisha. Ina maana nina tatizo?" Nimeyajibu moja moja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja, na hatua zenyewe kwa mpangilio wake.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tena wewe usiyejua huenda ukapata taabu ndogo kuliko anayejua. Fundi wa kuchora mkono wake umezoea kupendeza watu. Akikaa na huzuni yake, dakika mbili tu zikipita ameshaanza kurekebisha kivuli cha pua. Wewe huna pua ya kurekebisha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wazima 39. Kila mmoja alipewa dakika 45, karatasi, kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vitu vya kubandika, afanye atakalo. Mate yao yalipimwa kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao, kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, kilikuwa kimeshuka, na waliozoea sanaa hawakuwazidi wasioizoea. Jaribio lilikuwa dogo, sitaki ulivae kama hirizi, lakini linatosha kuizima ile hoja ya mbuzi na meza.

Jina lenyewe la tiba kwa sanaa lilizaliwa kitandani. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, akawa anachora vitu vilivyomzunguka ili siku zipite, akaona vinamtuliza, akaanza kuwashawishi wagonjwa wenzake nao wachore. Jina hilo alilitumia mwaka 1942. Nadharia yangu inaishia hapo.

Ila tuelewane kuhusu mpaka. Tiba kwa sanaa huongozwa na mtu aliyeisomea. Hiki ninachokufundisha ni kazi ya nyumbani, kama kuosha mchubuko wako mwenyewe. Ikiwa siku hizi umekuwa ukiwaza kujiua au kujidhuru, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au tukio baya la zamani linakuvamia kana kwamba linatokea sasa hivi, usianzie hapa. Anza na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na karatasi hizi uje nazo baadaye, ukiwa na mtu wa kukushika mkono.

Vitu vya kuandaa

- Karatasi tupu kama ishirini za A4. Zilizotumika upande mmoja zinafaa, tena zinafaa zaidi. Daftari zuri la kuchorea lenye jalada gumu ni mtego: utaogopa kulichafua.
- Krayoni za nta au pasteli za mafuta, rangi nane hadi kumi na mbili. Nyeusi na nyekundu zisikose.
- Penseli moja laini, 4B au 6B. Ufutio uache ulipo.
- Kalamu ya kuandikia.
- Gazeti kuukuu, mkasi na gundi, kwa siku ambazo mkono unakataa kuchora.
- Gazeti jingine la kutandika mezani, na tepu ya kushikiza karatasi isikimbie.
- Bahasha kubwa au boksi lenye kifuniko.
- Saa yenye kengele. Ya simu inatosha, ukishazima data.

Udongo wa kufinyanga ukiwepo ni vizuri, hasa kwa mwenye hasira, maana unakubali kupigwa. Rangi za maji ziweke kando wiki mbili za kwanza. Si kwamba ni mbaya; tatizo ni kwamba hukimbia zitakako, na mtu ambaye tayari anahisi mambo yamemponyoka hahitaji rangi nayo imponyoke. Krayoni na penseli hutii. Rangi za mafuta za kopo, zinazotaka tapentaini na madirisha wazi, sahau kabisa kwa sasa.

Hatua kwa hatua

1. Weka muda wenye mwisho. Dakika 30 zinatosha: ishirini na tano za kazi, tano za kufunga. Tega kengele mbili. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona kwamba hisia hazipangiwi saa. Kinyume chake: ukijua kuna kengele itakayokutoa, unapata ujasiri wa kuingia. Chagua saa ambayo baada yake huna kikao, mtihani wala safari. Usiku wa manane si saa nzuri. Kila kitu usiku wa manane huonekana kikubwa mara mbili.

2. Chagua jambo dogo, ulipe namba. Jiulize ni nini kimekukaa leo. Kipe namba kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni shwari na 10 ni huwezi hata kukaa. Kwa vikao vitano vya kwanza chukua jambo la 3 hadi 5: ugomvi wa jana, jibu la dharau kazini, wasiwasi wa matokeo unayoyasubiri. Lile la 9 linakusubiri, halitakimbia. Andika tarehe na namba nyuma ya karatasi, kwa udogo, pembeni.

3. Tafuta limekaa wapi mwilini. Funga macho, vuta pumzi taratibu mara nne au tano, kisha pitisha fikra toka utosini hadi nyayoni. Koo limebana? Taya? Mabega yamepanda? Tumbo linachemka? Usitafute maana, tafuta mahali tu. Kama hukupata chochote, hata "sihisi kitu" ni jibu, na ganzi nayo inachorika.

4. Chafua karatasi. Shika krayoni yoyote kwa mkono usioutumia kuandikia, funga macho, na uvuruge mistari kwa dakika moja bila kuinua mkono. Kazi yake ni moja tu, kuua ule weupe wa karatasi unaotisha. Ukifungua macho umeshaharibu, na aliyekwisha haribu hana cha kuogopa. Unaweza kuendelea juu ya uchafu huohuo au kuchukua karatasi nyingine.

5. Chora hisia, usichore tukio. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu akiambiwa achore ugomvi wake na dada yake, huchora watu wawili wamesimama, mmoja mdomo wazi. Hapo ameshageuka mwandishi wa habari: nani alisema nini, nani alianza. Mimi nataka uache watu, uache nyumba, uache maua na jua kwenye kona. Tumia mistari, madoa, duara, mikwaruzo. Jiulize maswali ya kimwili: kitu hiki ni kizito au chepesi? Kinasonga au kimeganda? Kina ncha? Ni kikubwa kiasi cha kutoka nje ya karatasi, au kimejikunyata? Kiko juu au kimezama chini? Kisha acha mkono ujibu. Ukitaka kukandamiza, kandamiza. Karatasi ikitoboka, imetoboka.

Na usichague rangi kwa kanuni. Habari za kwamba buluu ni huzuni na nyekundu ni hasira ziache hukohuko ulikozisikia. Chukua ile ambayo mkono umeifuata kabla kichwa hakijatoa ushauri.

Nikuonyeshe moja yangu. Ilikuwa wiki ya tatu baada ya kumzika kaka yangu. Nilianza na 7, kinyume cha ninavyokuelekeza wewe, lakini wakati ule sikuwa na wa kunielekeza. Nilikaa nikijiambia nachora huzuni. Mkono ukaokota rangi ya chungwa. Nikaanza kona ya chini kushoto, mikwaruzo mifupimifupi, nikakandamiza hadi krayoni ikakatika, nikaendelea na kipande kilichobaki huku ganda lake la karatasi limenasa chini ya ukucha wa gumba. Kona nzima ikawa nta tupu, inang'aa, ukiipitishia kidole kinateleza. Sehemu nyingine yote ya karatasi sikuigusa. Kengele ilipolia nilikuwa nimebana meno. Nilipoiegemeza ukutani na kuitazama nikajua kwamba ile si huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira, tena na marehemu mwenyewe, kwa kuficha maradhi yake hadi dakika ya mwisho. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote, wala kwangu mwenyewe.

6. Isogeze mbali, uitazame kimya. Iegemeze ukutani, rudi nyuma hatua mbili tatu. Kwanza taja unachokiona kwa macho, kama shahidi: "Kuna mistari mingi juu. Kuna doa jeusi katikati. Kulia hakuna kitu." Baada ya hapo igeuze juu chini, uitazame tena. Mara nyingi kitu ambacho hukukusudia hujitokeza hapo. Usikimbilie tafsiri, wala usifungue simu kutafuta maana ya doa jeusi. Hakuna kamusi ya madoa. Doa jeusi la mtu mmoja ni kaburi, la mwingine ni blanketi.

7. Izungumzie, kisha izungumze. Chukua kalamu, andika mistari mitano isiyozidi. Chagua umbo moja kwenye picha na uandike kana kwamba ndilo linaloongea: "Mimi ndiye hili duara. Nimejifunga kwa sababu..." Malizia bila kuinua kalamu. Unaona upuuzi? Ndiyo, mwanzoni unaonekana upuuzi. Lakini duara husema mambo ambayo wewe ungeyazungukia kwa nusu saa. Kosa la tahajia halihesabiki.

8. Ongeza kitu kimoja. Iulize picha: unahitaji nini? Pengine ni mstari wa kuizungushia ile mikwaruzo isiendelee kutapakaa. Pengine ni tundu dogo la kupumulia, au rangi moja nyepesi pembeni. Ongeza kimoja tu, na kama picha haihitaji chochote, iache. Angalizo: usilazimishe upinde wa mvua. Ukiweka jua la kucheka juu ya karatasi ambayo bado ina kilio, umeifunga mdomo.

9. Funga kikao. Kengele ya pili ikilia, weka krayoni chini hata kama hujamaliza. Andika namba ya sasa kando ya ile ya mwanzo. Tia karatasi kwenye bahasha, ifunge. Nawa mikono kwa maji baridi, polepole, ukihisi maji. Simama, kanyaga sakafu, taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Kisha fanya shughuli ya kawaida kabisa: fagia, kunja nguo, tembea hadi mwisho wa njia na urudi. Usipande kitandani na hisia mbichi.

Rudia mara mbili au tatu kwa wiki. Kila siku ni nyingi kwa anayeanza. Jambo linahitaji siku ya kutulia kabla hujalichokonoa tena.

Makosa ninayoyaona sana

Kubwa kuliko yote ni kupiga picha mchoro na kuuweka mtandaoni kabla krayoni hazijarudi kwenye boksi. Sikatai watu kuonyesha kazi zao. Lakini ukijua utaonyesha, mkono unaanza kuchora kwa ajili ya watazamaji toka dakika ya kwanza, na mtu mmoja akiandika "sijaelewa" utarudi nyumbani umebeba mizigo miwili. Weka mwezi mmoja wa siri. Baada ya hapo, kama unataka mtu aone, chagua mmoja, na umwambie kabla: "Sitaki unipe ushauri wala uniambie ni nzuri. Niambie unaona nini tu."

La pili ni kuanza na jeraha kubwa kwa sababu umechoka nalo. Nakuelewa, lakini mtu hajifunzi kuogelea kwenye mkondo. La tatu, kumsomea mwingine mchoro wake: "Ahaa, mti wako hauna mizizi, una tatizo na mama yako." Hiyo ni ramli, hata ikivaa miwani ya saikolojia. Na wazazi, hili linawahusu mno. Mtoto akichora nyumba nyeusi, usiulize "Kwa nini nyeusi?" kwa sauti ya polisi. Sema, "Nieleze kuhusu picha yako," kisha nyamaza.

La nne ni dogo: kununua vifaa vingi kabla ya kuchora karatasi hata moja. Boksi la rangi 48 halijamtuliza mtu. Unatumia nusu saa kuchagua kati ya kijani na kijani.

Mambo yakikwama

*Nimekaa dakika kumi, hakuna kinachotoka.* Acha kuchora, shika mkasi. Fungua gazeti kuukuu, kata picha au rangi kumi zinazokuvuta bila kujiuliza kwa nini, zipange mezani, zihamishehamishe, bandika zile ambazo hutaki kuzitupa. Mtu aliyekwama huona kuchagua ni rahisi kuliko kuumba. Endelea na hatua ya 6.

*Nimeanza kulia.* Machozi peke yake si dharura. Weka mkono mezani, lia, endelea ukiweza. Dharura ni pale unapohisi umetoka chumbani: mwili unatetemeka, pumzi inakatika, sauti za zamani zinarudi, hujui uko wapi. Hapo simamisha kazi mara moja. Geuza karatasi kifudifudi, kanyaga sakafu kwa nguvu, shika kitu cha baridi, taja kwa sauti jina lako, tarehe ya leo na mahali ulipo. Mpigie mtu unayemwamini. Usirudi kwenye jambo hilo peke yako. Hilo ni la kulifanya na mtaalamu.

*Namba imepanda badala ya kushuka.* Kutoka 4 hadi 5 au 6 ni kawaida, hasa mwanzoni. Umekifunua kilichokuwa kimefunikwa. Angalia imekuwaje kesho yake asubuhi. Ikiwa inapanda vikao vitatu mfululizo na hairudi, au usingizi umeanza kukupotea, pumzika wiki mbili, kisha tafuta mshauri nasaha uende naye taratibu. Na kama mawazo ya kujiua yamekuja, hapo hakuna wiki mbili za kungoja: nenda hospitali leo, au mwambie mtu wa karibu akupeleke.

*Nimechora kitu cha kutisha: damu, kisu, mtu hana kichwa.* Kuchora si kutenda. Karatasi ndiyo mahali salama pa kuwekea jambo ambalo hungependa likae kwingine. Jiulize hivi: baada ya kuchora, je, hamu ya kulifanya jambo lile imepungua, au imeanza kupata saa na mahali? Ikiwa imepungua, tia kwenye bahasha. Ikiwa imeanza kuwa mpango, iwe wa kumdhuru mwingine au wewe mwenyewe, usiingie kikao kingine. Tafuta msaada siku hiyohiyo.

*Kila kikao nachora kitu kilekile.* Chora. Mchongaji Mjerumani Käthe Kollwitz alimpoteza mwanawe Peter vitani Oktoba 1914, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanza kupanga sanamu ya kumkumbuka. Sanamu ziliposimamishwa makaburini, Ubelgiji, ilikuwa mwaka 1932, na hazikuwa za kijana. Zilikuwa za wazazi wawili waliopiga magoti. Kwa hiyo wiki sita za duara lilelile zisikutishe. Panga karatasi zako kwa tarehe uone kama ni lilelile kweli. Mara nyingi limesogea, limepungua unene, au limepata mlango. Kama halijabadilika hata chembe, badili kifaa: ulilolichora kwa krayoni lifinyange kwa udongo, uone mgongo wake ukoje.

*Watu wa nyumbani wananicheka.* Huna haja ya kuwaeleza. Sema unafanya mazoezi ya kuandika, funga mlango. Kama huna chumba, karatasi inakunjwa mara nne na penseli inaingia mfukoni. Benchi lolote lenye utulivu linafaa, na nusu A4 inatosha.

*Bahasha imejaa, nizifanyeje?* Zitandaze zote sakafuni siku moja yenye mchana mtulivu, kwa tarehe, uzipitie mara moja bila kuandika kitu. Unazotaka kuziacha, ziache. Unazotaka kuzichana, subiri siku saba kwanza, kwa sababu nimekutana na wengi waliochana kwa hasira Jumatatu na kuokota vipande Jumanne. Ukichana, chana kwa mikono, taratibu. Vipande vya rangi nzuri bandika kwenye karatasi mpya. Ile yangu ya chungwa bado ipo. Nyuma yake pameandikwa 7, mshale, 5, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: "chungwa imekatika, nunua nyingine."